Nani Aliupa Muziki wa Kantri Kadi ya Chama?

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji maarufu wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, Kenya, kwa Wakipsigis, akiwa na mtambo wake wa kurekodia. Wasichana wa huko wakamwimbia juu ya Chemirocha, kiumbe nusu mtu, nusu swala. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi vilima vile. Rodgers mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1933, na chama chake cha siasa hakikumhusu mtu Kapkatet. Hata leo Mkenya anaweza kumpenda Jim Reeves au Don Williams maisha yake yote bila kujiuliza walimpigia nani kura. Kwao Marekani si hivyo. Ukisema unasikiliza kantri, wapo watakaoona wameshaijua kura yako.

Dhana hiyo ilitengenezwa, na wa kwanza kuitengeneza walikuwa wauza santuri. Katika miaka ya 1920 kampuni za kurekodi ziligawa muziki wa Kusini mwa nchi hiyo kwa orodha mbili: moja ya wasanii Weusi, nyingine ya Wazungu wa mashamba na milimani. Wapigaji wenyewe hawakuwa wamegawanyika namna hiyo. Banjo asili yake ni Afrika, ililetwa na watumwa. A.P. Carter alizunguka kukusanya nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi. Mwaka 1930 Rodgers alirekodi na Louis Armstrong, lakini jina la Armstrong halikuandikwa kwenye santuri. Huko Nashville, DeFord Bailey na kinanda chake cha mdomo alikuwa nyota wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoufanya mji huo uwe makao makuu ya kantri. Alifukuzwa mwaka 1941.

Baada ya wauzaji wakaja wagombea. Sisi tuliozoea kuona bendi ikimtangulia mheshimiwa uwanjani hatushangai sana. W. Lee O'Daniel wa Texas alikuwa muuza unga wa ngano aliyeutangaza redioni kwa bendi yake. Mwaka 1938 aliitembeza bendi hiyo miji kwa miji, akapitisha vipipa vidogo vya unga watu watie michango, akapata ugavana. Miaka mitatu baadaye alimshinda kijana mmoja aitwaye Lyndon Johnson, rais wa baadaye, katika kinyang'anyiro cha useneta. Louisiana nayo ikampata Jimmie Davis, mwimbaji wa "You Are My Sunshine", aliyechaguliwa gavana mwaka 1944 kwa kampeni ya kuimba zaidi ya kuhutubia. Wote wawili walikuwa Wademokrati, maana Kusini nzima wakati huo ilikuwa ya chama hicho.

Davis anafaa kutazamwa kwa makini kidogo. Aliporudi madarakani mwaka 1960 alikuwa amejinadi kama mtetezi wa ubaguzi wa rangi shuleni. Novemba ya mwaka huo, mtoto wa miaka sita, Ruby Bridges, alisindikizwa na maofisa wa serikali kuu kuingia shule ya Wazungu mjini New Orleans, huku gavana akiitisha bunge la jimbo kikao baada ya kikao kulizuia jambo hilo. Mtu yuleyule aliyewaimbia wananchi habari za jua.

Wademokrati walipounga mkono haki za Weusi, kura za Wazungu wa Kusini zikawa sokoni, na Richard Nixon wa Republican alijua kununua. Wimbo wa Merle Haggard wa mwaka 1969, "Okie from Muskogee", uliowakejeli vijana wapinga vita, ulimfurahisha mno. Aprili 1970 alipomwalika Johnny Cash Ikulu, wasaidizi wake waliomba wimbo huo, pamoja na "Welfare Cadillac", unaowadhihaki maskini wanaoishi kwa msaada wa serikali. Cash hakuimba hata mmoja. Badala yake aliimba "What Is Truth", akiwatetea vijana walewale, mbele ya rais aliyekuwa akiendesha vita vya Vietnam. Sidhani kama kuna mwaliko wa Ikulu uliojibiwa kwa adabu na ukaidi kwa pamoja kiasi hicho. Lakini Cash alikuwa mmoja. Nixon aliutangaza Oktoba kuwa mwezi wa kantri, na mwaka 1974, miezi michache kabla ya kujiuzulu, alikwenda kupiga piano jukwaani Opry.

Kufikia 2003 mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Natalie Maines wa kundi la Dixie Chicks aliwaambia mashabiki London kwamba yeye na wenzake wanaona aibu kwamba rais George W. Bush anatoka Texas, siku kumi kabla ya Iraq kuvamiwa. Stesheni zikaacha kupiga nyimbo zao, na Louisiana CD zao zikapondwa kwa trekta. Wimbo wao uliokuwa kileleni wiki hizo ulikuwa wa kumlilia askari.

Agosti 2023 likaja jambo jipya. Oliver Anthony, asiyejulikana kabisa, alirekodi nje, gitaa mkononi, wimbo wa kuwalaani matajiri wa kaskazini mwa Richmond, yaani wakubwa wa Washington. Humo humo, kama enzi za Nixon, kuna kejeli kwa wanaopokea msaada. Ulishika namba moja nchini, na wanasiasa wa mrengo wa kulia wakaukumbatia. Kwenye mdahalo wa wagombea wa Republican mjini Milwaukee, swali la kwanza lilianzia hapo. Siku mbili baadaye Anthony alitoa video akisema alicheka kuona hivyo, kwani aliuandika kuwahusu watu walewale waliokuwa wamesimama jukwaani.