Jina na Umbo: Historia Fupi ya Modeli za Mkunjo wa Kromosomu

Istilahi za sayansi ni za namna mbili. Ziko zinazotaja kilichoonekana, na ziko zinazotaja umbo ambalo wataalamu wamelikisia. Mtafsiri asipozitenganisha, huenda akaingiza katika Kiswahili kisio la jana kana kwamba ni kitu kilichothibitishwa. Historia ya juhudi za kueleza jinsi kromosomu zinavyojikunja ndani ya kiini cha seli yadhihirisha hatari hiyo.

Tatizo lenyewe ni la vipimo. Aghalabu seli ya mwili wa binadamu huwa na kromosomu 46. Nyuzi za DNA zilizomo zikinyoshwa na kuunganishwa, urefu wake hukaribia mita 2; nazo hukaa katika kiini chenye kipenyo cha mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tena hazikai ovyo, kwani seli inapogawanyika, kila kromosomu hujitenga na nyinginezo bila ya kukatika.

Majina ya mwanzo yalitoka Ujerumani. Katika kitabu chake cha mwaka 1882, Walther Flemming aliita kromatini ile dutu ya kiini inayoshika rangi chini ya hadubini. Mwaka 1888 Wilhelm Waldeyer alitunga jina kromosomu, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na mwili. Majina hayo hayakudai kujua umbo la ndani. Yalitaja kilichoonekana, na mpaka leo yanatumika.

Kadhalika, mwaka 1885 Carl Rabl alitoa hoja kwamba kila kromosomu ina mahali pake hata seli isipokuwa ikigawanyika, na mwaka 1909 Theodor Boveri akapaita mahali hapo eneo la kromosomu. Baadaye hadubini ya elektroni ilionyesha kama nyuzi zilizochanganyika, na wengi wakaliacha jina hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndugu wawili, Thomas na Christoph Cremer, walilirejeshea heshima yake. Waliunguza nukta ndogo ya kiini kwa mwali wa leza. Lau kromosomu zingekuwa zimechanganyika, nyingi zingedhurika. Zilizodhurika zilikuwa chache.

Njia nyingine ilianzia kwenye uzi wenyewe. Mwaka 1974 Roger Kornberg alieleza kuwa DNA huviringika juu ya vifungu vya protini nane ziitwazo histoni, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Mwaka 1976 John Finch na Aaron Klug walipendekeza kuwa shanga hizo nazo hujipanga kama springi yenye unene wa nanomita 30 hivi, wakaiita solenoidi, jina la koili ya waya katika fizikia. Picha hiyo ilipendeza, na vitabu vya kiada vikaichapisha kwa miaka mingi. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Salk, Marekani, waliopiga picha ndani ya seli nzima, waliona minyororo isiyolingana, yenye unene wa nanomita 5 hadi 24. Springi ya kitabuni hawakuiona.

Wanafizikia nao walikuwa na neno lao. Mwaka 1988 Alexander Grosberg na wenzake, katika Umoja wa Kisovieti, walikokotoa kuwa uzi mrefu waweza kukunjamana ukawa donge lisilo na mafundo. Mwaka 2009 Erez Lieberman-Aiden, Job Dekker na wenzao, walipopima ni sehemu zipi za DNA hukaribiana, walilipa donge hilo jina jipya, donge la fraktali. Vipimo vya baadaye vilidhihirisha vitanzi vingi, na mwaka 2018 watafiti wa Delft na Heidelberg waliiona protini kondensini ikivuta DNA na kukuza kitanzi.

Sasa tuyatazame maneno yetu. Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya kamba na nyuzi, lakini havibadilishani nafasi. Kusokota ni kupinda uzi juu yake wenyewe au nyuzi pamoja. Kusuka kwahitaji nyuzi kadhaa zinazopishana, basi hakufai kwa uzi mmoja wa DNA. Kuviringika kwafaa kwa DNA juu ya histoni. Kukunjamana kwaeleza donge la Grosberg barabara, maana kitu kilichokunjamana hakikupangwa na mtu. Kitanzi ni neno lililo tayari, halihitaji mbadala.

Kwa hiyo yafaa kuzingatia kanuni mbili. Kwanza, jina la kilichoonekana lisimame peke yake: kromosomu, kromatini, eneo la kromosomu, kitanzi. Pili, jina la umbo lililokisiwa litanguliwe daima na neno modeli: modeli ya solenoidi, modeli ya donge la fraktali. Neno hilo moja humruhusu mwalimu kumweleza mwanafunzi kwamba springi ya kitabuni ilikuwa pendekezo la mwaka 1976. Na pendekezo likiachwa, orodha yetu ya istilahi haitalazimika kufumuliwa.