Herufi Moja ya Shahidi: Kesi ya Mauaji ya Lord Erroll, Nairobi, 1941



Makumbusho hutunza vitu. Anayetaka kusimulia mauaji ndani ya jengo kama hili ataomba bastola, ganda la risasi, picha ya gari, pengine na ramani ya barabara. Mimi nimekuja kuzungumzia kitu kisichoingia katika kabati la kioo, nacho ni maneno ya mashahidi kabla hayajatafsiriwa.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 24 Januari 1941, mnamo saa tisa, wafanyakazi Waafrika wa lori la maziwa walikuta gari aina ya Buick limetumbukia kwenye shimo la changarawe huko Karen, nje ya Nairobi. Taa zake zilikuwa zikiwaka. Ndani mlikuwa na maiti ya Josslyn Hay, Lord Erroll, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni ajali. Jeraha la risasi lilitambuliwa baada ya mwili kwisha kuondolewa pale. Mwezi Machi alikamatwa Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe, Diana, alikuwa na mapenzi na marehemu. Kesi ilianza tarehe 26 Mei, na tarehe 1 Julai baraza la waamuzi, Wazungu watupu, lilimwachia huru. Hakuna mwingine aliyepata kuhukumiwa.

Kilichomwokoa Broughton zaidi ya yote kilikuwa chuma. Alikuwa na bastola mbili za Colt, na siku chache kabla ya mauaji alitoa taarifa kwamba zimeibwa. Wakili wake, Harry Morris wa Johannesburg, alionyesha kuwa risasi iliyomuua Erroll ilipita katika mtutu wenye mifuo mitano iliyopinda kulia, ilhali mtutu wa Colt una mifuo sita inayopinda kushoto. Hoja hiyo haikuhitaji mkalimani.

Ushahidi wa wanadamu ulikuwa na safari ndefu zaidi. Lugha ya Mahakama Kuu ilikuwa Kiingereza, na Mwafrika asiyekijua alisemewa na mkalimani. Karani aliandika alichosikia kwa mkalimani. Katika kesi hii muda ulikuwa kila kitu: Erroll alimrudisha Diana nyumbani baada ya saa nane usiku, na kabla ya saa moja kupita alikwisha kuonekana amekufa. Sasa tufikirie shahidi anayehesabu saa kuanzia machweo na mapambazuko, na ambaye kwake usiku hutangulia mchana wake. Akisema “usiku wa Ijumaa”, ana maana ya usiku ule ambao Mwingereza huuita wa Alhamisi. Mkalimani stadi hurekebisha hayo papo kwa papo, aliyechoka huyapitisha.

Lakini saa ni jambo dogo. Tazameni kitenzi “alitoka”. Kiambishi a- hakisemi kama aliyetoka ni mwanamume au mwanamke, na Kiswahili hakioni upungufu wowote hapo. Kiingereza hakina ruhusa hiyo: lazima mkalimani achague. Katika nyumba yenye mume na mke, ambapo swali zima ni nani alitoka usiku na nani alibaki, uchaguzi huo ni ushahidi mpya ambao shahidi hakuutoa. Sidai kwamba kosa la namna hiyo lilitokea Nairobi. Nadai kwamba kumbukumbu ya Kiingereza peke yake haiwezi kutuonyesha kama lilitokea, na hilo kwa mwanahistoria ni zito vilevile. Ongezeni tofauti ya “nilimwona akitoka” na “nilimwona ametoka”: wa kwanza ameshuhudia tendo, wa pili ameshuhudia matokeo yake.

Wapo watakaojibu kwamba Wazungu wa Kenya walikijua Kiswahili. Baadhi yao ndiyo. Kamusi ya Kiswahili sanifu ya Frederick Johnson ilikuwa imetoka mwaka 1939. Lakini kilichozungumzwa na mabwana wengi kwa watumishi wao kilikuwa kile kilichoitwa Kisetla, lugha ya kuamrisha, ambayo upatanisho wa ngeli umepukutika na -na- inabeba nyakati karibu zote. “Yeye nakuja” inaweza kuwa alikuja, anakuja au atakuja. Lugha hiyo inatosha kuagiza chai. Kwa kumhoji mtumishi juu ya nyendo za bwana wake usiku wa mauaji haifai hata kidogo, na mtumishi aliyeizoea angeweza kuitumia kumjibu Mzungu yeyote, askari wa upelelezi akiwamo, kwa adabu tu.

Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji katika koloni hilo hakuwa na haki ya baraza la waamuzi. Aliketiwa na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Kwa hiyo tafsiri iliyopotoka, ambayo kwa Broughton ingeweza kuwa kero ya mawakili, kwa mshtakiwa wa Kiafrika ingeweza kuwa kitanzi. Vitabu na filamu ya mwaka 1987 vimemkumbuka Erroll na klabu zake. Kesi za wale wengine zimehifadhiwa kwa Kiingereza cha wakalimani, na mwanafunzi atakayezifungua aanze kwa kuweka alama kila penye kiwakilishi cha kiume au cha kike, kisha ajiulize shahidi alisema nini hasa.