Riale ya Dhahabu: Sarafu za Amerika Katika Maneno Yetu

Ukiuliza bei ya maharagwe sokoni Gitega kwa Kirundi, hutakosa kusikia neno amahera. Mfanyabiashara wa Muyinga akivuka mpaka wa Kobero kuingia Kabanga, upande wa Tanzania, atasikia hela. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yametokana na heller, sarafu ndogo ambayo Wajerumani waliifanya kuwa sehemu ya mia ya rupia yao mwaka 1904. Hilo huenda umeshafundishwa. Leo nakuomba turudi nyuma zaidi, kwa mgeni aliyetangulia pwani kabla ya Mjerumani: riale.

Riale ilitoka Amerika, ingawa si Marekani. Wahispania waliichimba fedha ya Potosí (leo ni Bolivia) na ya Meksiko kwa jasho la wenyeji walioshurutishwa, wakafua sarafu nzito ya riale nane iliyozunguka dunia nzima. Upande mmoja ilichorwa nguzo mbili, alama ya mlangobahari wa Gibraltar. Watu wa pwani walipozitazama nguzo hizo waliona mizinga, wakaiita riale ya mzinga. Mimi napenda sana jina hilo. Msemaji hakungoja kuelezwa maana ya picha; aliipa maana kwa macho yake mwenyewe.

Marekani nao walipotunga sheria ya sarafu mwaka 1792, walikadiria dola yao kwa uzito wa sarafu hiyo ya Kihispania, na hadi mwaka 1857 sarafu ya Kihispania ilikuwa bado malipo halali nchini mwao. Kwa hiyo dola na riale ya mzinga ni mtoto na mzazi.

Mtoto huyo alifikaje kwetu? Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, akawa konseli wa kwanza wa Marekani Unguja. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba, ambacho mpaka leo tunakiita merikani, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Pembe nyingi zilitoka bara, na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa mmoja wa miji ya misafara. Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa pwani wasiitawale nchi yake, na nadhani hapo ndipo inapoeleweka kwa nini riale haikuota mizizi Burundi kama ilivyoota Tabora au Ujiji. Wala tusifiche: kwa sarafu zilezile watu walinunuliwa na kuuzwa Unguja, hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873.

Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alisimamia ujenzi wa kanisa kuu mahali palipokuwa na soko hilo, alichapa kitabu cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Humo ameorodhesha riale za aina kadhaa, na mojawapo ni riale ya dhahabu, yaani sarafu ya Marekani ya dola 20. Sarafu hiyo ilianza kutolewa kwa matumizi mwaka 1850, baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848. Uzito wake ni gramu 33.4 hivi, na sehemu 900 katika 1,000 ni dhahabu.

Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia wa Marekani wakabidhi dhahabu yao kwa serikali. Sarafu 445,500 za dola 20 zilizofuliwa mwaka huo karibu zote ziliyeyushwa. Moja iliyosalimika iliuzwa New York mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9.

Bei kama hizo huwatia watu wazimu, na matapeli wanalijua hilo. Ukipata sarafu ya kale katika sanduku la nyanya yako, usiisugue kwa mchanga wala majivu, maana mikwaruzo huishusha thamani. Ipime kwa mizani ya sonara. Isogeze kwenye sumaku: dhahabu na fedha hazivutwi. Hata isipovutwa, bado si uthibitisho, kwa kuwa shaba nayo haivutwi.

Usidanganywe na tarehe pia. Riale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, ilipendwa pwani na Uhabeshi, na wanunuzi waliikataa ilipobadilishwa sura. Basi watengenezaji waliendelea kuandika 1780, mwaka aliokufa malkia, hata katika karne ya 20, na si Vienna tu. Mtu akikuonyesha sarafu hiyo Muyinga na kukuapia kwamba ina miaka zaidi ya 200 kwa sababu imeandikwa 1780, huenda anasema kweli. Huenda pia sarafu yenyewe ni changa kuliko nyanya yako.