Mama Mkwe Atalala Wapi?

Wikendi ndefu ya Madaraka, mama anashuka basi kutoka Kisumu na kuku mkononi, amekuja kuwaona maharusi wake Nairobi. Mchana poa. Noma inaanza saa nne usiku. Kwa mila ya Waluo, na Waluhya pia, mzazi halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa.

Kijijini hilo halisumbui: kijana ana simba yake (nyumba hiyo, si mnyama) na mzazi anarudi kwake kwa miguu. Lakini Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na mkoloni alitaka mfanyakazi, mke abaki reserve. Kwa miaka mingi vyumba vilihesabiwa kwa vitanda vya wanaume. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulijengwa kwa ajili ya familia, lakini familia kwa maana ya baba, mama na watoto. Mama mkwe hakuwa kwenye ramani.

Kwa hivyo wageni wakapelekwa kulala kwa jirani wa kwao, na wengine bado hupelekwa. Lakini kwa bedsitter ya Roysambu, jirani humjui hata jina. Mama anakaa kwa kochi mpaka asubuhi, anasema hana usingizi. Bibi arusi, ambaye kwao si hivyo, anajiuliza kama ni chakula chake.