Ketoni Inayokimbiza Pikapu: Historia ya Miraa na Muguka Ambayo Darasani Hatukuipata

Wadau, leo ni kemia. Usikimbie bado, hii inakuhusu hata kama ulipata E.

Kila mtu wa huku kwetu anazijua pikapu za miraa. Zinashuka kutoka Maua na Laare, zinapita Embu, zinaelekea Nairobi, na mwenye akili huzipisha tu. Watu husema madereva wana wazimu. Ukweli ni kwamba wanashindana na mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko haungoji mtu.

Kwenye jani bichi kuna molekuli inaitwa kathinoni. Ina duara la kaboni sita na mkia mfupi wa kaboni tatu. Mkia huo umebeba makundi tendaji mawili. Kundi tendaji ni ile sehemu ndogo inayoamua tabia ya molekuli nzima, kama kufuli: ni ndogo kuliko mlango, lakini ndiyo inasema nani ataingia. Kundi la kwanza ni ketoni, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. La pili, kwenye kaboni ya jirani, ni amini, yenye naitrojeni. Hawa majirani wawili hawatulii pamoja, ndiyo maana kathinoni huharibika haraka.

Jani likikomaa au likinyauka, ketoni hupokea haidrojeni mbili na kugeuka alkoholi. Fomula inatoka C9H11NO inakuwa C9H13NO. Sasa jina lake ni kathini, na nguvu yake kwenye ubongo ni ndogo sana. Haidrojeni mbili tu, na mzigo umekosa mnunuzi. Wazee wa Nyambene hawakuwa na maabara, lakini walijua kufunga miraa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na walijua ikilala siku mbili tatu bei imekufa.

Sasa ona wasomi walikuwa wapi. Mmea huu uliingia kwenye vitabu vya botania vya Ulaya mwaka 1775, kupitia maandishi ya Peter Forsskål, aliyefia Yemen. Mwaka 1930 wanakemia walitambua kathini, na kwa miongo kadhaa ikaaminika kwamba siri ya miraa ni hiyo. Lakini hesabu haikukubali: kathini ni dhaifu mno kueleza kile watu walihisi. Shida ni kwamba majani mengi yaliyofika maabara yalikuwa makavu. Walikuwa wanapima mabaki! Ni mwaka 1975 ambapo maabara ya Umoja wa Mataifa, ikichunguza majani mabichi, ilipata kathinoni. Jambo ambalo mchuuzi wa Maua angewaambia bure, kwamba mbichi na kavu si kitu kimoja, liliwachukua miaka 45.

Sheria nayo ikafuata kemia. Kwenye mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kathinoni iko Jedwali la I, lile kali zaidi, na kathini iko Jedwali la III. Mmea wenyewe haumo. Kwa hivyo gunia lilelile, likichelewa barabarani, linabadilisha jedwali bila kufunguliwa.

Halafu zikaja marufuku. Uholanzi ilifunga mlango mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, ingawa kamati yake yenyewe ya wataalamu ilikuwa imeshauri kwamba ushahidi hautoshi kupiga marufuku. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020, zikarudi Julai 2022. Kila mara, anayeumia kwanza ni mkulima wa Igembe, kwa sababu huwezi kuweka ketoni ghalani ungoje soko lifunguke. Mahindi yangengoja.

Mei 2024 ikawa zamu ya Embu. Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikaunga mkono, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Mtandaoni tukagawanyika: huku "ni zao letu", kule "ni sumu".

Msimamo wangu mimi, kijana wa hapa niliyeacha chuo lakini sikuacha kusoma, ni huu. Mzazi wa Mbeere anayelipa karo kwa muguka hadanganyi. Mzazi wa Mombasa ambaye mtoto wake halali, hali na ameanza kusikia sauti hadanganyi pia. Ni molekuli ileile, jamaa wa karibu wa amfetamini. Kinachofanya jani liuzwe ndicho kinachofanya liumize, na huwezi kusifu kimoja ukanyamazia kingine.

Kwa hivyo tuache kelele, tupime. Kila aina ya miraa na muguka ipimwe kathinoni yake, matokeo yatangazwe, na anayemuuzia mtoto ashikwe, awe Kiritiri au Kongowea. Na shuleni, kabla ya kukaririsha alkanoli za vitabuni, mwalimu aanze na jani linaloota nje ya dirisha la darasa.

Wewe uko upande gani? Weka sababu, usiweke matusi.