Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliyasema hayo kwa kuwa waliona jinsi nyumba iliyozoea kulalia uji inavyopika wali siku anapoingia mgeni, na jinsi mwenyeji anavyoshiba kwa sababu ya heshima ya mwingine. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu, lakini maana yake haikukomea kwa watu. Iko kompyuta moja ya nyumbani, iliyoundwa katika mji wa Cambridge, Uingereza, katika mwaka wa 1981, ambayo historia yake yote yaweza kusimuliwa chini ya methali hiyo. Waundaji wake waliiwekea mlango wa kupokea mgeni ambaye hawakumjua bado. Mgeni alikuja, akakua, akaenea duniani kuliko mwenyeji wake. Na baada ya miaka thelathini na zaidi, uzao wake ukarudi kwa mlango ule ule kumtumikia mzee.

Leo wako watu wanaozitoa kompyuta hizo katika maghala na vyumba vya darini, wakazifuta vumbi, wakazitia kibao kipya cha kuziongezea kasi. Wako na wengine wanaowalaumu, wakisema kwamba kitu cha kale hakihifadhiwi kwa kutiwa moyo wa kitu kipya, na kwamba mzee aliyevishwa nguvu za kijana si mzee tena bali ni kinyago. Shauri hili si dogo, maana ndani yake limo swali la namna ya kuitunza kumbukumbu ya watu. Kabla ya kulihukumu yafaa kuijua historia yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikusudia kuwafundisha raia matumizi ya kompyuta kwa njia ya televisheni, likatafuta mashine ya kufuatana na vipindi vyake. Kazi iliangukia kampuni changa iitwayo Acorn, iliyoanzishwa na Hermann Hauser na Chris Curry katika mwaka wa 1978. Kundi la vijana, miongoni mwao Sophie Wilson na Steve Furber, liliunganisha mfano wa kwanza kwa muda wa wiki moja tu. Mashine ilitoka mwezi wa Disemba 1981, ikaitwa BBC Micro. Ilitazamiwa kwamba zingeuzwa 12,000. Zikauzwa zaidi ya milioni moja, na watoto wengi wa shule za Uingereza waliigusa kompyuta kwa mara ya kwanza katika kibodi yake.

Pamoja na sifa hizo, nyumba ilikuwa finyu. Aina yake iliyopendwa zaidi, Model B, ilikuwa na prosesa ya 6502 iliyopiga hatua kwa kasi ya megahetsi 2, na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Kumbukumbu hiyo ilikuwa chumba kimoja cha shughuli zote: programu ilikaa humo, na picha ya kwenye kiwambo ilikaa humo humo. Mtumiaji alipotaka picha iliyo safi kabisa, picha peke yake ilimeza kilobaiti 20. Ikiwa alitumia na diski, alibakiwa na baiti 5,888 za kuandikia programu yake, yaani nafasi ya herufi zinazojaza kurasa mbili tatu za kitabu. Aliyetaka kuchora vizuri hakuweza kufikiri kwa marefu, na aliyetaka kufikiri kwa marefu hakuweza kuchora vizuri.

Waundaji waliujua ufinyu huo tangu mwanzo. Ndani ya Acorn palikuwa na mabishano: wengine walitaka mashine rahisi ya kuuzwa kwa wengi, na wengine walitaka mashine yenye nguvu, yenye prosesa mbili. Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya busara. Mashine ingekuwa rahisi, lakini chini ya tumbo lake ingeachwa njia ya kuunganishia prosesa ya pili, itakayokuja wakati wowote na kutoka kokote. Njia hiyo waliiita Tube, yaani bomba. Kazi ziligawanywa kwa haki. Mashine ya kwanza, iliyoitwa mwenyeji, ingeshughulika na kibodi, kiwambo, sauti na diski. Prosesa ya pili ingeshughulika na kufikiri peke yake, katika kumbukumbu yake yenyewe. Kati yao hapakuwa na chumba cha shirika. Palikuwa na mifereji minne midogo, ambamo baiti zilipitishwa moja baada ya moja, kama watu wawili wanaopokezana barua kwenye dirisha. Vitabu vya Acorn vilimwita yule wa pili kwa jina baya la kupe, lakini tabia yake ilikuwa ya mgeni mwema, maana alileta zaidi ya alichokula.

Wageni wa kwanza walifika madukani katika mwaka wa 1984. Mmoja alikuwa 6502 nyingine, ya megahetsi 3, yenye kilobaiti 64 zake mwenyewe. Mwingine alikuwa Z80 ya megahetsi 6, aliyeleta programu za biashara za mfumo wa CP/M. Mwenye 6502 ya pili aliweza kuandika programu ya BASIC ya kilobaiti 30 bila kujali picha gani iko kwenye kiwambo. Hata hivyo, mlango ulikuwa na adabu zake. Programu zilizozoea kutia mkono moja kwa moja katika kumbukumbu ya picha hazikufaulu ng'ambo ya bomba, kwa kuwa kumbukumbu waliyoishika haikuwa tena ile ya kiwambo. Zile zilizopita kwa taratibu, zikamwomba mwenyeji aandike na achore kwa niaba yao, zilivuka salama. Ikadhihirika kuwa programu inayobisha hodi huishi kuliko programu inayovunja dari.

Wakati huo huo Acorn ilikuwa ikitafuta prosesa ya mashine yake ya baadaye, na kila iliyopimwa haikuridhisha. Katika mwaka wa 1983 Wilson na Furber walizuru kampuni ya Western Design Center huko Arizona, Marekani, iliyokuwa ikiendeleza ukoo wa 6502. Walitazamia kukuta kiwanda kikubwa. Walikuta kundi dogo likifanya kazi katika nyumba ya kawaida. Walirudi na wazo moja: ikiwa hawa waweza, na sisi twaweza. Wilson alitunga amri za prosesa mpya, akazijaribu kwa programu ya BASIC, na mashine aliyoitumia ilikuwa BBC Micro yenye 6502 ya pili katika bomba lake. Basi mgeni mkubwa aliyekuwa njiani alitungwa mimba ndani ya nyumba ile ile, kwa msaada wa mgeni aliyemtangulia.

Chipu ya kwanza ilifika Cambridge tarehe 26 Aprili 1985, ikapewa jina la ARM. Ilikuwa na transista zipatazo 25,000 tu. Iliunganishwa kwa BBC Micro kwa njia ya bomba, ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Furber alipotaka kupima umeme inaoutumia, kipimo kilionyesha sifuri. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba waya wa kuilisha umeme haukuwa umeungwa. Chipu ilikuwa ikiishi kwa mabaki ya umeme yaliyovujia ndani kutoka katika nyaya za ishara. Uhaba huo wa ulaji, ambao siku ile ulikuwa kichekesho, ndio uliokuja kuwa utajiri wake wakati dunia ilipohitaji mashine zinazoishi kwa betri.

Mgeni alizaliwa nyumba ikiwa na njaa. Mapema mwaka huo huo Acorn ilikaribia kufilisika, na kampuni ya Olivetti ya Italia ikanunua karibu nusu yake. Katika mwaka wa 1986 ARM iliuzwa kwa watafiti kama prosesa ya pili ya BBC Micro; katika mwaka wa 1987 ikapata nyumba yake, kompyuta ya Archimedes; na mwezi wa Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology zikaifanyia kampuni yake yenyewe. Kabla ya karne kwisha Acorn ilikuwa imevunjika. Lakini ARM ilienea, na uzao wake ndio ulio ndani ya karibu kila simu ya mkononi, ya waziri na ya muuza samaki.

Miongoni mwa uzao huo ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyozaliwa Cambridge mwezi wa Februari 2012 kwa nia ya kuwarudisha watoto katika kuandika programu. Aina zake za kwanza ziliitwa Model A na Model B kwa heshima ya BBC Micro. Ile iitwayo Zero ilitoka mwezi wa Novemba 2015 kwa bei ya dola 5 za Marekani. Kasi yake ni megahetsi 1,000, mara 500 ya mwenyeji wa mwaka wa 1981. Kumbukumbu yake ni megabaiti 512, mara 16,384 ya kilobaiti 32.

Haikupita muda mrefu wapenzi wa BBC Micro wakaiunga Zero kwenye bomba la zamani, katika kazi yao iitwayo PiTubeDirect. Kibao chenyewe ni kidogo. Sehemu yake muhimu hupunguza nguvu ya ishara, kwa kuwa mwenyeji husema kwa volti 5 na mgeni huvumilia volti 3.3 tu. Kazi ngumu iko katika saa. BBC Micro haimngoji mgeni; ikiuliza jambo katika bomba, jibu halina budi kuwa tayari kabla ya kupita nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa sababu hiyo kibao hakitiwi mfumo wa kawaida wa uendeshaji, ambao ungeweza kushughulika na mambo mengine wakati unapoulizwa. Nguvu zote za mgeni hukaa macho mlangoni, zikisikiliza hatua za mzee. Kisha hujigeuza apendavyo mtumiaji: mara ni 6502, mara ni Z80, mara ni ARM ya miaka ya 1980. Kitukuu huvaa joho la babu yake, akakaa katika kiti ambacho babu alikikalia.

Sasa yaweza kurudiwa lile shauri la kwanza. Wanaolaumu wana sehemu ya haki. Kasi si dawa ya uzee. Vifaa vya kuhifadhi chaji katika sehemu ya umeme ya BBC Micro hupasuka kwa umri na kutoa moshi mzito, na hakuna prosesa ya pili iwezayo kuvitengeneza. Tena, anayetaka kujua mtoto wa mwaka wa 1982 alifanya kazi kwa taabu gani hana budi kuuonja ule ufinyu wa baiti 5,888, maana taabu hiyo nayo ni sehemu ya historia.

Lakini kitu kisichotumika nacho hufa. Katika mwaka wa 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha hesabu ya nchi kilichoamriwa na mfalme William, watu zaidi ya milioni moja wa Uingereza, wengi wao watoto wa shule, walikusanya habari na picha za vijiji vyao. Zikatiwa katika santuri za leza, zisomwe kwa kompyuta ya ukoo wa BBC, iitwayo Master, ikiwa na prosesa ya pili na kicheza santuri cha pekee. Haikutimia miaka 20 ikahofiwa kwamba habari hizo hazitasomeka tena, ilhali kitabu cha mwaka wa 1086 kilisomeka bado. Watafiti walifanya kazi kubwa kuziokoa. Pale, kukosekana kwa chombo kulikuwa karibu kuwafanya watu milioni moja wawe mabubu.

Basi tofauti iliyo na maana haiko kati ya kuongeza na kutoongeza, bali kati ya kuingia mlangoni na kuvunja ukuta. Kibao kinachounganishwa katika bomba hakikati waya, hakiyeyushi risasi, hakiondoi chipu. Kikichomolewa, mashine hubaki ilivyokuwa, na ufinyu wake wote. Jahazi lililotiwa injini bila kung'olewa mlingoti laweza kutweka tanga siku yoyote. Lililokatwa mlingoti limekuwa chombo kingine.

Waundaji wa mwaka wa 1981 hawakujua ni nani atakayekuja. Walijua tu kwamba wao si wa mwisho, wakaliandika jambo hilo katika mashine kwa kuacha tundu chini ya tumbo lake. Vyombo vingi vya leo, vyenye nguvu mara maelfu, vimefungwa kwa gundi pande zote, na siku kasi yake isipotosha hutupwa. BBC Micro hupokea mgeni hata sasa, kwa kuwa mlango wake haukufungwa.