Tippu Tip

Tippu Tip (jina kamili: Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi, alizaliwa Zanzibar mnamo 1837 hivi, alifariki Zanzibar Juni 1905) alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, mtawala wa sehemu kubwa ya Manyema, na kuanzia mwaka 1887 wali wa Stanley Falls katika Dola Huru la Kongo. Kwa miaka mingi alitawala bara bila cheo chochote cha serikali. Alipopewa cheo, nguvu iliyompa utawala huo ilikuwa imeanza kumponyoka.

Asili na jina

Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, akaoa binti wa mtemi Fundikira. Ukoo wao ulikuwa na asili ya Oman, lakini kwa vizazi kadhaa ulikuwa umechanganyika na watu wa pwani. Hamed alikulia Zanzibar, akaanza kusafiri na biashara tangu ujana wake. Lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Jina la Tippu Tip ni la utani. Mwenyewe alieleza kwamba lilitokana na mlio wa bunduki za watu wake. Wazungu kadhaa waliomjua walidai kwamba lilitokana na tabia yake ya kupepesa macho.

Safari za bara na vita vya Itawa

Biashara ya bara ilitegemea mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, hasa Taria Topan, walitoa nguo, shanga, bunduki na baruti, nao walilipwa kwa pembe msafara uliporudi. Msafara uliokawia au kupotea ulimwacha mwenyewe na deni kubwa. Kwa hiyo kiongozi wa msafara hakuweza kurudi mikono mitupu.

Safari iliyomjulisha ilikuwa ya Itawa, nchi ya Watabwa iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Leo eneo hilo liko kaskazini mwa Zambia, upande wa magharibi wa mikoa ya Songwe na Rukwa. Mtawala wake, Nsama, alisifika kwa kuwashinda wafanyabiashara wa pwani. Mnamo 1867 Tippu Tip alimshinda, akachukua pembe nyingi. Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone katika nchi hizo na kumsaidia katika safari yake.

Utawala wa Manyema

Kutoka Itawa alielekea kaskazini-magharibi, hadi Utetela, nchi iliyotawaliwa na mzee Kasongo Rushie. Tippu Tip alikuwa amesikia habari za dada wa mtawala huyo waliotekwa zamani na watu wa Urua. Alidai kwamba mmoja wao alikuwa bibi yake. Dai hilo lilikubaliwa, na mzee akamwachia utawala. Tangu hapo alipokea pembe kama kodi ya mtawala, tofauti na wafanyabiashara wengine waliolazimika kuzinunua.

Mwaka 1874 alifika Nyangwe, mji wa wafanyabiashara kando ya mto Lualaba, akakutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron. Baadaye aliweka makao yake Kasongo. Mji huo ulizungukwa na mashamba ya mpunga, mahindi na miwa. Hapo aliamua kesi, aliteua machifu na kuwaondoa, na alipanga bei za pembe.

Utawala huo ulikuwa na gharama iliyobebwa na wenyeji. Vijiji vilivyotoa pembe na vibarua viliachwa vikae. Vilivyokataa vilishambuliwa, na watu wake wakachukuliwa. Waliotekwa walitumika kubeba mizigo, kulima mashamba, au kuuzwa. Vijana wengi walifunzwa bunduki na kuwa askari wa misafara iliyofuata, hata wakaenda kuteka watu wengine. Wafanyabiashara wengine walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1871 Livingstone alishuhudia watu wao wakiua mamia ya wanakijiji katika soko la Nyangwe.

Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika akitaka kuufuata mto Lualaba hadi mwisho wake. Tippu Tip alikubali kumsindikiza kwa vituo 60 kwa malipo ya dola 5,000. Kwa sababu ya msitu, maradhi na mapigano, waliachana Desemba mwaka huo kabla ya vituo vyote kukamilika. Stanley aliendelea hadi Bahari ya Atlantiki, na kwa safari hiyo Ulaya ilijua kwamba Lualaba ndio mto Kongo. Njia ambayo Tippu Tip alisaidia kuifungua ndiyo iliyowaleta baadaye watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kutoka magharibi.

Kati ya Sultani na Leopold

Tippu Tip alirudi Zanzibar mwaka 1882. Njiani alipatana na Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi aliyekuwa akiidhibiti njia ya Tabora. Sultani Barghash bin Said alimrudisha bara mwaka 1883 ili aishike Kongo ya juu kwa jina la Zanzibar. Mwishoni mwa 1884 alikuwa amefika kwenye maporomoko ya Stanley Falls, ambayo leo huitwa maporomoko ya Boyoma, na huko akawakuta watu wa Leopold wameshajenga kituo.

Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 uliitambua mamlaka ya Leopold katika bonde la Kongo. Sultani hakushirikishwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba milki ya Sultani katika bara ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Tippu Tip alipofika tena Zanzibar mwishoni mwa mwaka huo, Barghash hakuwa na nguvu ya kumsaidia.

Wakati yuko njiani, mwezi Agosti 1886, watu wake na wenzao walikuwa wamegombana na ofisa Mwingereza aliyesimamia kituo cha Stanley Falls. Ugomvi huo uliongezeka kuwa vita, na kituo kikatekwa. Leopold hakuwa na jeshi la kukirudisha. Stanley, aliyekuwa akiandaa msafara wa kumwokoa Emin Pasha huko Ikweta, alipendekeza Tippu Tip mwenyewe apewe utawala wa mahali hapo.

Mkataba wa 1887

Mkataba ulitiwa sahihi Zanzibar tarehe 24 Februari 1887. Masharti yake makuu yalikuwa haya:

• Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi.
• Apandishe bendera ya Dola Huru la Kongo.
• Azuie utekaji na biashara ya watumwa katika mto chini ya maporomoko.
• Apokee ofisa wa Kizungu atakayekaa naye na kuandika barua za serikali.
• Awe huru kuendelea na biashara yake binafsi.

Siku iliyofuata aliondoka pamoja na Stanley kwa meli ya Madura, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo. Alifika Stanley Falls mwezi Juni 1887.

Uwali

Mkataba huo ulimweka mahali pagumu. Wafanyabiashara wa Manyema walimfuata kwa sababu alikuwa mkubwa wao katika biashara ileile ambayo sasa alitakiwa kuizuia. Wengi hawakuwa watu wake, nao hawakuona sababu ya kutii bendera ya kigeni. Akiwaadhibu angepoteza wafuasi. Akiwaachia, Dola lingesema amevunja mkataba. Maofisa wa Kizungu walifika kituoni mwaka 1888, lakini Dola halikumpa nguvu ya kutosha ya kuwalazimisha wakaidi.

Jambo la pili lilikuwa la wapagazi. Stanley alitaka wapagazi 600 wa kubeba mizigo iliyoachwa Yambuya, kambi ya nyuma ya msafara wake kando ya mto Aruwimi. Tippu Tip alilalamika kwamba baruti aliyoahidiwa kwa ajili yao haikuletwa, na watu walikataa kwenda. Wapagazi wapatao 400 tu walipatikana, tena Juni 1888, baada ya mwaka mzima wa kungoja. Kambini watu wengi walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Mkuu wa kambi, Meja Edmund Barttelot, aliuawa kwa risasi mwezi Julai 1888. Stanley alimlaumu Tippu Tip na kumfungulia kesi Zanzibar, lakini baadaye kesi iliachwa.

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Stanley Falls na kumwachia kazi mpwa wake Rashid. Alipitia Ujiji na Tabora, akafika Zanzibar Julai 1891. Hakurudi tena Kongo.

Vita vya 1892–1894

Baada yake mapatano hayakudumu. Dola lilianza kujitwalia pembe za ndovu, na hivyo kugombania mali ileile na wafanyabiashara wa Manyema. Vita vilianza mwaka 1892. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliongoza majeshi ya Kasongo. Nyangwe ilitekwa Machi 1893 na Kasongo Aprili. Sefu aliuawa mwezi Oktoba mwaka huo, na mwanzoni mwa 1894 vita vilikuwa vimekwisha. Katika majeshi ya pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika wa nchi hiyo. Ushindi wa Dola haukuwaletea wenyeji uhuru, kwa kuwa mahali pa utekaji palifuatiwa na kazi za kulazimishwa za kukusanya mpira.

Miaka ya mwisho na urithi

Tippu Tip aliishi Zanzibar kama mwenye mashamba tajiri. Nyumba yake ingalipo mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliziandika upya kwa herufi za Kirumi na kuzichapisha mwaka 1902–1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Kitabu hicho ni kati ya tawasifu za kwanza kuchapishwa katika Kiswahili. Ndani yake anasimulia biashara, vita na madeni kwa kirefu, lakini waliotekwa wanatajwa kwa idadi, na mara chache kwa majina.

Kituo cha Stanley Falls kilikua kuwa mji wa Kisangani. Kiswahili kilichoenezwa na misafara kilibaki Manyema na nchi za jirani, na leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.